Kupokea na Kutoa Flashi za Wateja kwa Huduma ya udisks2: Mwongozo kwa Maduka ya Kuchapisha Mombasa

Duka la kuchapisha lililoko Barabara ya Digo au Moi Avenue hupokea flashi, kadi za kamera na diski za nje tangu asubuhi linapofungua mlango hadi jioni linapofunga. Huyu amekuja na wasifu wa kuombea kazi, yule ana barua ya chama cha akina mama, na mwingine ameleta picha za harusi ambazo hana nakala yake mahali pengine popote. Vifaa hivyo vyote ni amana, na anayevipokea ana wajibu wa kuvirudisha vikiwa na kila kilichokuwamo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuikabidhi kazi hiyo huduma iitwayo udisks2, inayofanya kazi chinichini katika kompyuta ya Linux, na namna ya kuipangia masharti yanayofaa mahali ambapo vifaa vya watu wasiojuana hupita katika tundu moja la USB.

Naamini kwamba maduka mengi hushughulikia zaidi upande usio na shida. Kuingiza flashi ni rahisi, na karibu kila kompyuta ya leo hulifanya jambo hilo bila kuelekezwa. Data hupotea wakati wa kuitoa. Kwa sababu hiyo nimezipitia haraka hatua za kuweka huduma hii, kisha nikakaa zaidi penye kutoa.

Huduma yenyewe

Mteja anapochomeka flashi, kiini cha Linux hukitambua kifaa na kukipa jina kama vile /dev/sdb, na udev, programu inayofuatilia vifaa, hukusanya habari zake, yaani lebo, aina ya mfumo wa faili na namba ya utambulisho iitwayo UUID, kisha huzitangaza. Programu ya udisksd, ambayo ndiyo moyo wa huduma ya udisks2, huzisikia habari hizo na kuziweka wazi kwa programu nyingine kupitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux huwasiliana kwayo, kwa jina la org.freedesktop.UDisks2. Hadi hapo hakuna kilichopachikwa, yaani faili za flashi bado hazijaunganishwa na mti wa folda za kompyuta ili zipate kusomeka.

Jambo hili linawachanganya wengi, kwa hiyo nalisema wazi: udisksd haipachiki chochote kwa hiari yake. Husubiri iombwe. Mwombaji anaweza kuwa mazingira ya madirisha kama GNOME, au XFCE kupitia thunar-volman, au programu ndogo iitwayo udiskie, au wewe mwenyewe ukiandika amri. Ombi likifika, huduma huiuliza polkit, mfumo wa kusimamia ruhusa, kama mwombaji ana ruhusa. Akiwa nayo, hutengeneza folda yenye jina la lebo ya flashi na kuipachika hapo. Katika matoleo ya Linux ya Debian na Ubuntu folda hiyo huwa chini ya /media/ ikifuatiwa na jina la mtumiaji, na katika Fedora na Arch huwa chini ya /run/media/. Kwa hiyo mhudumu anapolalamika kwamba Linux haiioni flashi, mara nyingi kompyuta imeiona vizuri kabisa, ila hapakuwa na programu iliyoomba ipachikwe.

Faida kubwa ya mpangilio huu ni kwamba mhudumu hahitaji nenosiri la mtumiaji mkuu. Aliyeketi mbele ya kompyuta anaruhusiwa na polkit kupachika kifaa cha kuchomeka na kuchomoa, lakini haruhusiwi kugusa diski ya ndani ya mashine mpaka atoe nenosiri la msimamizi. Zaidi ya hayo, huduma huongeza yenyewe masharti ya nosuid na nodev, ambayo huzuia faili za flashi zisijipe mamlaka ya mtumiaji mkuu.

Kuiweka na kuijaribu

Katika Debian au Ubuntu, amri hii inatosha:

sudo apt install udisks2 udiskie

Kisha hakikisha kwamba huduma ipo hai:

systemctl status udisks2

Ikionekana haijaanza, usihangaike. D-Bus huiamsha mara tu programu yoyote inapoihitaji. Chomeka flashi na utazame kompyuta inaionaje:

lsblk -o NAME,FSTYPE,LABEL,UUID,SIZE,MOUNTPOINTS

Utaona mstari wa sdb, ambao ni kifaa kizima, na chini yake sdb1, ambayo ni sehemu yenye faili. Kinachopachikwa ni hiyo sehemu:

udisksctl mount -b /dev/sdb1

Jibu litakuambia folda ilipowekwa, kwa mfano /media/mhudumu/HARUSI. Ukitaka kuiona huduma ikifanya kazi, fungua dirisha la pili la amri na uandike udisksctl monitor, kisha uchomeke na kuchomoa kifaa huku ukitazama. Namshauri kila anayeanza kazi katika duka afanye zoezi hili mara moja, kwa kuwa baada ya hapo hataona tena mambo haya kama miujiza.

Kupachika bila kuombwa na mhudumu

Duka lenye wateja wengi halina nafasi ya kuandika amri kwa kila flashi. Kama kompyuta inatumia GNOME, MATE au XFCE, kazi hiyo tayari inafanywa na mazingira yenyewe, na hupaswi kuendesha udiskie juu yake, kwa sababu waombaji wawili watagombea kifaa kimoja na mmojawapo ataleta ujumbe wa kosa usio na maana kwa mhudumu. Katika GNOME nashauri jambo moja tu la ziada, nalo ni kuzuia programu zisijiendeshe zenyewe kutoka kwenye flashi:

gsettings set org.gnome.desktop.media-handling autorun-never true

Kwa zile kompyuta kuukuu zinazoendeshwa na mazingira mepesi kama Openbox, udiskie ndiyo suluhisho. Iweke ianze pamoja na mtumiaji kwa kuandika faili ya ~/.config/autostart/udiskie.desktop yenye mistari hii:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=udiskie
Exec=udiskie

Masharti yake huandikwa katika ~/.config/udiskie/config.yml:

program_options:
  automount: true
  notify: true
  tray: auto
device_config:
  - id_uuid: 4A1B-9C2D
    automount: false

Mstari wa tray: auto huonyesha alama ndogo pembeni mwa skrini pale tu panapokuwa na kifaa, na mhudumu huibofya ili kukitoa. Sehemu ya mwisho inahusu kifaa kimoja kwa UUID yake, kwa mfano diski ya nakala ya akiba ya duka, ambayo hutaki ipachikwe kila inapochomekwa. Weka UUID uliyoiona katika lsblk mahali pa ile ya mfano.

Masharti ya kulinda mashine na mteja

Atakayeshika kazi hii Mombasa atakutana na flashi ambayo folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato. Virusi hivyo huyapa mafaili halisi sifa ya kufichwa, kisha huweka faili za .lnk zenye majina yaleyale, na mteja anapobofya katika Windows huviendesha virusi bila kujua. Katika Linux faili hizo za .lnk haziendeshi kitu, na yale mafaili yaliyofichwa yanaonekana kama kawaida, kwa kuwa sifa ya kufichwa ya Windows haitiliwi maanani. Ukiyanakili kwenye folda mpya, nakala hazichukui sifa hiyo. Nimeona watu wakiambiwa kazi yao imepotea na wakashauriwa flashi ifutwe yote, ilhali kila kitu kilikuwamo humo, na jambo hilo linanikera, kwa maana kutazama kwa dakika moja kungetosha.

Hata hivyo, usalama huo haukuruhusu kulegea. Kuanzia toleo la 2.9.0, udisks2 husoma faili ya /etc/udisks2/mount_options.conf, ambamo msimamizi huweka masharti ya vifaa vyote. Kwa kompyuta ya kaunta, hii inafaa:

[defaults]
defaults=noexec

Neno noexec huzuia programu yoyote isiendeshwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Mteja aliyeleta barua ya kuchapisha hapungukiwi na chochote.

Kama duka lina kompyuta ambayo kazi yake ni kuchapisha tu, nashauri kuongeza ukali na kuandika defaults=ro,noexec. Hapo flashi husomwa bila kuandikwa, na faida yake ni ya pande mbili: kompyuta yako haiwezi kuiharibu kazi ya mteja, na mteja hawezi kusema kwamba virusi vimetoka kwako. Ukitaka sharti lihusu kifaa kimoja tu, anza sehemu mpya yenye anwani yake ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano [/dev/disk/by-uuid/4A1B-9C2D], na uandike masharti chini yake. Faili ya mfano yenye maelezo, mount_options.conf.example, huja pamoja na huduma na inastahili kusomwa.

Kuna jambo jingine linalohusu amana na ambalo huduma hii hailifanyi. Unapofungua folda ya picha kutoka kwenye flashi ya mteja, programu ya faili huweka vijipicha vyake katika ~/.cache/thumbnails, na vijipicha hivyo hubaki baada ya mteja kuondoka. Ikiwa alileta picha ya kitambulisho, sura yake imebaki kwenye mashine yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, si adabu kubaki na sura za watu bila wao kujua. Zima vijipicha kwa vifaa vya kuchomeka katika mipangilio ya programu yako ya faili, au ifute folda hiyo kila jioni.

Kutoa: hapa ndipo data hupotea

Mteja amesimama kaunta na anawahi feri ya Likoni. Ametaka video ya harusi inakiliwe kwenye flashi aliyoinunua sasa hivi, na mstari wa maendeleo kwenye skrini umefika mwisho na kutoweka. Anauliza, "Mwanangu, tayari?" Jibu la kweli ni, "Bado mama, ningoje kidogo," na ni muhimu mhudumu aelewe kwa nini.

Linux inapoandika kwenye kifaa, kwanza huziweka data katika kumbukumbu ya RAM na kuiambia programu kwamba kazi imekwisha, kisha huziandika kwenye kifaa polepole. Kwa kawaida kiini huruhusu data zinazosubiri zifikie asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana, kabla ya kuilazimisha programu isubiri. Kompyuta yenye RAM ya GB 8, ambayo GB 6 kati yake ziko wazi, inaweza basi kushikilia zaidi ya GB 1 ya video ambayo haijafika kwenye flashi. Ikiwa flashi hiyo ni ya bei nafuu na huandika MB 5 kwa sekunde, hizo ni dakika nne za kuandika ambazo skrini haizionyeshi. Akiichomoa katika muda huo, faili itaonekana ipo, jina na ukubwa pengine vitakuwa sawa, lakini video itakatika katikati, na atayagundua hayo akiwa nyumbani, upande wa pili wa kivuko.

Ukitaka kuyaona kwa macho yako, nakili faili kubwa kwenye flashi na utazame:

watch "grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo"

Mstari wa Dirty unaonyesha kiasi kinachosubiri, na Writeback ni kile kinachoandikwa wakati huo. Utaiona namba ikishuka taratibu muda mrefu baada ya dirisha la kunakili kufungwa.

Kwa flashi zenye mfumo wa FAT32, udisks2 husaidia kwa kuongeza sharti la flush, linaloifanya kompyuta ianze kuandika mapema kuliko kawaida. Lakini FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4, na video ya harusi hupita hapo bila shida, ndiyo maana flashi kubwa nyingi huja na exFAT, na huko usitegemee msaada huo.

Wapo wanaoshauri kutumia sharti la sync, ambalo hulazimisha kila kipande kiandikwe papo hapo. Mimi silishauri. Huifanya kazi iwe ya polepole mno, na mwongozo wa amri ya mount wenyewe unaonya kwamba linaweza kufupisha maisha ya vifaa vinavyoandikika mara chache, zikiwamo baadhi ya flashi. Njia iliyo bora ni kupunguza kiasi cha data kinachoruhusiwa kusubiri. Andika katika /etc/sysctl.d/90-flashi.conf:

vm.dirty_bytes = 67108864
vm.dirty_background_bytes = 16777216

Halafu:

sudo sysctl --system

Namba ya kwanza ni MB 64, na ya pili ni MB 16. Sasa mstari wa maendeleo utakaribiana na ukweli, kwa kuwa flashi ile ya MB 5 kwa sekunde haitabakiwa na zaidi ya sekunde 13 hivi za kuandika. Mabadiliko haya yanagusa diski zote za mashine, hata ile ya ndani, na kazi nzito ya kuhariri video inaweza kupungua kasi. Lakini kwa kompyuta ya kaunta sioni hasara yoyote ya kulinganisha na faida hiyo.

Pamoja na hayo yote, hakuna badala ya kutoa kifaa kwa utaratibu. Amri ni mbili:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1
udisksctl power-off -b /dev/sdb1

Ya kwanza hupachua, na hairudishi jibu mpaka kila kinachosubiri kiwe kimeandikwa. Ikionekana imekwama kwa dakika mbili au tatu, haijakwama; inaandika, na kuikatisha ni kuiharibu kazi. Ya pili hukiambia kifaa kimalize kilichomo katika kumbukumbu yake ya ndani na kisha hukizima. Kwa diski ya nje yenye sahani zinazozunguka, hiyo ya pili ni ya lazima, kwa kuwa kuinua diski ikiwa bado inazunguka ni hatari kwa sahani zenyewe. Baada yake kifaa hutoweka kwenye orodha, na ukitaka kukitumia tena ni lazima ukichomoe na kukichomeka upya.

Usitumie power-off kwa kisomaji cha kadi chenye nafasi kadhaa. Mpiga picha akileta kadi mbili, na ukazima mojawapo, kisomaji kizima kinaweza kuzimika pamoja na kadi ya pili. Hapo pachua tu, kisha utoe kadi kwa mkono.

Ili mhudumu asikariri amri, weka hati hii katika /usr/local/bin/toa-flashi na uipe ruhusa ya kuendeshwa:

#!/bin/sh
udisksctl unmount -b "$1" &&
udisksctl power-off -b "$1" &&
notify-send "Flashi" "Tayari. Unaweza kuichomoa."

Alama za && zina kazi maalumu: ujumbe hautokei kamwe kama hatua iliyotangulia imeshindwa. Anayetumia udiskie atapata jambo lilelile kwa kubofya alama yake, au kwa amri ya udiskie-umount --detach ikifuatiwa na folda ya flashi. Sheria ya kaunta iwe moja, nayo ni kwamba flashi haichomolewi mpaka ujumbe uonekane, awe mteja ana haraka kiasi gani.

Kifaa kinapokataa kutoka

Kosa la kawaida ni lile linalotaja DeviceBusy au "target is busy". Maana yake ni kwamba programu fulani bado imeshika faili iliyomo. Uliza ni ipi:

fuser -vm /media/mhudumu/HARUSI

Mara nyingi utakuta LibreOffice iliyoachwa wazi, au dirisha la amri ambalo lilikuwa limeingia ndani ya folda hiyo. Funga programu kwa njia ya kawaida, kisha utoe tena. Mtu akikuambia utumie umount -l, mkatalie, kwa sababu amri hiyo huondoa folda machoni huku programu ikiendelea kuandika nyuma ya pazia, na mhudumu ataamini kwamba kifaa ki tayari ilhali si kweli.

Kompyuta isiyo na skrini

Baadhi ya maduka huwa na mashine ya nyuma inayotunza nakala za akiba, na fundi huiingia kwa SSH, yaani kwa amri kupitia mtandao. Hapo udisksctl itadai nenosiri la msimamizi, kwa kuwa polkit humwamini aliyeketi mbele ya mashine, na anayeingia kwa mtandao hahesabiwi hivyo. Kwa Debian 12 na kuendelea, andika /etc/polkit-1/rules.d/50-flashi.rules:

polkit.addRule(function(action, subject) {
  var vitendo = [
    "org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount",
    "org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount-other-seat",
    "org.freedesktop.udisks2.power-off-drive",
    "org.freedesktop.udisks2.power-off-drive-other-seat"
  ];
  if (vitendo.indexOf(action.id) >= 0 && subject.isInGroup("plugdev")) {
    return polkit.Result.YES;
  }
});

Waweke katika kundi la plugdev wale tu unaowaamini. Usiongeze filesystem-mount-system, kwa kuwa hiyo ndiyo inayolinda diski za ndani.

Ikiwa diski ya akiba hukaa mahali pamoja siku zote, ni afadhali iandikwe katika /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka, ikiwa na masharti ya nofail na x-systemd.automount. Ukisahau masharti hayo yote mawili na diski isiwepo siku moja, mashine itaisubiri kwa sekunde 90 wakati wa kuwaka na kisha itakuacha katika hali ya dharura.

Stima ikipotea, au mtu akiichomoa

Tazama kumbukumbu za huduma:

journalctl -u udisks2 -b

Mstari unaoanza na "Mounted" hueleza nani alipachika nini na wapi. Ukikuta "Cleaning up mount point" pamoja na maneno "no longer exists", kifaa kilichomolewa kabla ya kupachuliwa, na huduma imeifuta folda iliyobaki. Flashi hiyo inaporudi, amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kiini, huweza kuonya kwamba haikupachuliwa vizuri na kwamba ikaguliwe. Ikague kwanza bila kuibadilisha, huku ikiwa haijapachikwa:

sudo fsck.vfat -n /dev/sdb1

Kwa exFAT tumia fsck.exfat -n, inayopatikana katika kifurushi cha exfatprogs. Kama makosa ni mengi na kilichomo hakina nakala, usirekebishe papo hapo. Chukua kwanza taswira ya flashi nzima, yaani faili moja lenye nakala yake kamili, kwa programu ya ddrescue, kisha ufanyie marekebisho kwenye taswira, kwa kuwa marekebisho ya fsck yanaweza kuligeuza faili lenye jina kuwa vipande vya FSCK0000.REC. Na usianze lolote kabla ya kumweleza mwenye flashi na kupata idhini yake.

Mwisho, kuna tatizo ambalo wa pwani tunalijua kuliko wa bara. Ukiona katika dmesg maneno "device descriptor read/64, error -71", kompyuta na kifaa hata hawajasikilizana, na hakuna amri ya udisks2 itakayosaidia. Unyevu na chumvi ya baharini huleta kutu kwenye tundu za USB, hasa zile za mbele ya kasha ambazo hutumika kutwa nzima. Jaribu tundu la nyuma ya mashine. Flashi ikisomeka huko, tundu la mbele ndilo lenye kasoro: zima mashine, lisafishe kwa spiriti isiyo na maji na brashi laini, uliache likauke kabisa, na lisiposhika, liwekee kibandiko ili mhudumu asilitumie mpaka libadilishwe. Flashi isiposomeka kwenye tundu lolote, safisha ncha zake vivyo hivyo kabla ya kumwambia mwenyewe kwamba imekufa.